Namba Kumi na Moja

Ghent, Jumapili

Dada Maribeth,

Habari za Iowa? Mimi mzima, ila viatu vyangu vipya vimekufa. Jana darasa zima tulizurura Bruges, tukala chipsi, tukanyeshewa. Jioni, ndani ya basi, Mwalimu Veerle akatuhesabu kama kawaida, kila mtu akitaja namba yake. Kumi na moja ni Hadley, yule anayetusahihisha Kiholanzi mbele za watu. Alikuwa bado chooni.

Nikaitika mimi: "Kumi na moja!"

Wenzangu wakaziba midomo wasicheke. Basi likaondoka, koti lake likiwa kitini.

Nilimpigia simu mara tano. "Vumilia mwaya, tunakuja."

Leo amenikumbatia. "Wewe peke yako ulinijali, Corinne."

Dada, nilikuwa napiga nimsikie akilia.

Msalimie Mama.

Mdogo wako,
Corinne