Mwanangu Aliyelipa Ada ya Kuangushwa

9 Januari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Kazi inaendeleaje? Hapa sote wazima, isipokuwa bega langu, ambalo hulalamika kila nikisuka vichwa vitatu mfululizo. Baba yako mdogo anakusalimu na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikata maneno. Sasa nisome mpaka mwisho. Hiyo judo yako siielewi. Unashuka kwenye jukwaa la ujenzi umechoka, mikono imejaa saruji, halafu jioni unakwenda kulipa ada ili uangushwe? Tena unaniambia kwa fahari kwamba kocha bado hajawafundisha kumwangusha mtu, anawafundisha kuanguka tu. Kuanguka nako kuna shule? Mimi nimeanguka maisha yangu yote bila mwalimu. Tafuta kwaya.

Mama yako

2 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini bega limepoa. Mimi nipo hai na akili zangu zimetimia. Nakuomba uelewe hilo kwanza.

Najua msimamizi wa kazi ameshakupigia, na najua hukumwelewa, maana alikuwa analia kuliko mimi. Simu yangu iliharibika siku hiyo hiyo, ndiyo maana naandika. Ilikuwa hivi. Nilikuwa napiga lipu ghorofa ya pili, ubao wa jukwaa ukateleza, nikaenda nao. Sikupata muda wa kufikiri. Kidevu kilijibana kifuani chenyewe, mgongo ukajikunja, mkono ukapiga chini, pumzi ikatoka kwa kishindo kama tunavyofanya ukumbini. Nyonga imevunjika, na mguu wa kushoto pia. Kichwa na shingo havina hata mkwaruzo. Daktari aliniuliza nani kanifundisha kulinda kichwa namna ile, maana wengi wanaoanguka kutoka urefu huo hawafiki wodini.

Kwa hiyo kuanguka kuna shule, mama. Ninachoogopa sasa ni kimoja: sijui kama nitatembea tena. Nikimwuliza daktari anasema "tutaona," halafu anaangalia dirishani. Njoo ukiweza.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Unaendeleaje? Nyonga je? Nimerudi nyumbani salama, safari haikunisumbua. Nisalimie yule mama muuza mboga wa kitanda cha jirani, mwambie nywele nilizomsuka asizikune, zitafumuka. Msalimie na kocha wako. Nilikuja huko nimempangia maneno makali, nikamkuta ameketi kando yako anakumenyea chungwa. Nikamshika mkono nikalia, naye akalia, mzee mzima.

Kula vizuri. Mazoezi fanya unavyoweza, usijilazimishe. Lolote litakalokuwa, hapa ni kwenu. Nakupenda sana.

Mama yako

12 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Barua yako ilikuwa ya upole mpaka ikanitia wasiwasi. Hata kunigombeza kidogo? Tafadhali rudi kuwa wewe.

Hapa kuna kituko. Kwenye judo, mwenzako akikubana ukaona sasa basi, unapiga godoro kwa kiganja mara mbili, anakuachia papo hapo. Tumezoea hivyo, hatusemi. Sasa bwana wa mazoezi ya viungo alikuja kunikunja goti. Likauma, nikapiga kitanda mara mbili. Akakunja zaidi. Nikapiga tena, kwa nguvu. Akatabasamu: "Safi kabisa, jitie moyo hivyo hivyo." Machozi yananitoka, napiga kitanda, naye anafuata mdundo kwa kichwa. Aliyeniokoa ni mama muuza mboga: "We baba, mwachie, unamuua mtoto wa watu!" Nilipomweleza bwana wa mazoezi baadaye, alicheka mpaka akakaa chini. Lakini goti lilikunjika kuliko siku zote, kwa hiyo amekataa kuniomba radhi.

Nimeanza kusimama kwa magongo. Wenzangu hapa wanaogopa kuanguka, basi hata mguu unakataa kwenda mbele. Mimi naogopa mengi, ila hilo siliogopi. Nikienda chini najua pa kuweka mkono. Ndiyo maana nathubutu.

Mwanao

30 Juni

Mama,

Shikamoo, na leo salamu ni hizo tu. Nimetembea kutoka kitandani mpaka mlangoni bila magongo. Kufika mlangoni nikaanguka. Wodi nzima ikapiga yowe, muuguzi akaangusha trei. Nikabingiria, nikapiga sakafu, nikapumua. Daktari alikuwa pale pale, akawazuia wote wasinishike. Nikageuka kifudifudi, nikajisukuma kwa mikono, nikapiga goti moja, kisha nikasimama mwenyewe. Daktari akasema, "Anayeinuka sakafuni peke yake namlaza hapa ya nini?"

Jumamosi narudi nyumbani.

Mwanao

3 Julai

Mwanangu, mtundu wewe,

Hujambo? Sisi hatujambo, tumepagawa kwa furaha. Barua yako nimeisoma saluni kwa sauti. Mteja wangu, kichwa nusu kimesukwa nusu bado, akainuka akacheza, ikabidi nianze upya.

Sasa nikueleze. Siku ile nilipokuja kukuona, daktari aliniita kando akaniambia hutatembea tena, nijiandae. Ndiyo maana nilikuandikia kwa upole. Sikuwa na nguvu ya kukugombeza. Nilivunjisha ngazi za mlangoni, nikamwita fundi anijengee mteremko wa saruji, ili kiti cha magurudumu kipate kupita. Kila asubuhi nikiupita nilikuwa natazama pembeni.

Jumamosi utaupanda kwa miguu yako, mimi nimesimama mlangoni. Njoo taratibu. Fundi mwenyewe alilipua kazi, upande mmoja umepinda, lipu imeanza kubanduka. Nakujua, utaanza kuukosoa hata kabla hujanisalimia. Ukosoe, mwanangu, mpaka uchoke.

Mama yako