Jina Lako Kwenye Ukurasa Wetu

Barasa,

Jana nilikuwa kwenu Kabuchai. Mama yako amekonda, na nywele alizonyolewa siku ya matanga hazijaota vizuri. Tulikaa jikoni tukichambua kunde, akaniuliza polepole kwa ile lafudhi yenu ya Kibukusu, "Zuhura, ni nani arikuambia mtoto wangu amekufa?" Nikamjibu kwamba ni kompyuta. Akanitazama kama nimemtukana. Sikujua namna ya kumweleza. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Unakumbuka tulivyoanza? Vita vya mlimani vilikuwa vimewatawanya watu, wengine kambini hapa Kitale, wengine makanisani huko Bungoma, mume huku, mke kule. Wazee wa msikiti wetu na wa kanisa lenu wakatuomba tutengeneze ukurasa wa intaneti wa kutafutia jamaa. Mimi na wewe, watu waliojifunzia kazi kwenye saiba ya mjomba wangu, kale kaduka ka intaneti! Ulicheka ukasema, "Ati sisi? Haya bana, tujaribu."

Ukurasa ulikuwa na sehemu tatu: ya kuandikisha, ya kutafuta, na ya matangazo. Kila sehemu ilibeba nakala yake ya majina. Ilionekana sawa, hadi alipokuja yule mama wa Kachibora akimtafuta binti yake, Chemutai. Sehemu ya kutafuta ilisema mtoto yuko Bungoma. Akauza kuku wake akaenda. Kumbe mtoto alikuwa ameshahamishwa, na sehemu ya kuandikisha ilijua, ila haikuiambia ile nyingine. Alirudi amevimba miguu. Hakutulaumu. Alikaa tu sakafuni mwa saiba, kanga usoni.

Wewe hukula siku hiyo.

Tulijaribu kuyaweka majina yote mahali pa wazi, kila sehemu iyafikie. Ikawa mbaya zaidi. Sehemu ya matangazo ikafuta kilichoandikwa na ya kuandikisha, na hatukuweza kujua nani kaharibu nini. Nilikata tamaa. Wewe ulichukua chaki ukachora kwenye ukuta wa mjomba, akakugombeza, ukaendelea kuchora. "Zuhura, majina yakae mahali pamoja. Kusoma, kila sehemu isome. Lakini kuandika, mlango ni mmoja. Na kitu kikibadilika, huo mlango uziite sehemu zote ziambiwe." Tuliandika upya karibu kila kitu. Siku ilipokubali, uliandika jina lako la utani kwenye sehemu moja, likajitokeza kwenye zote kwa pamoja, ukapiga kofi mezani hadi chai yangu ikamwagika.

Chemutai alipatikana kwa ukurasa ule, Barasa. Ulimwona mama yake akimnusa kichwani. Nashukuru kwamba uliona.

Ikabaki kuwafundisha wenzetu wa Bungoma. Ulikuwa ukimwelekeza Nanjala, dada wa kujitolea kule, kwa simu kila siku, lakini hamkuwa mmeonana. Ukasema utaenda mwenyewe, utumie pikipiki ya binamu yako, upitie nyumbani kumsalimia mama. Nilikufungia flashi yenye nakala ya ukurasa kwa uzi mwekundu ili usiipoteze, maana wewe kwa kupoteza vitu! Ukaniambia, "Nikifika nitakubipu."

Hukubipu.

Nilijisemea chaji imeisha. Kesho yake asubuhi niliwasha kompyuta kama kawaida, mteja mmoja akiniuliza bei ya kuprinti. Sehemu ya matangazo ikabadilika yenyewe mbele yangu. Nanjala alikuwa ameandika kutoka Bungoma: mwanamume, jina halijulikani, aligongwa na trekta la miwa, ameletwa mochari bila simu wala kitambulisho. Shati la kijani. Kovu kidevuni. Mfukoni flashi iliyofungwa uzi mwekundu.

Nilisoma mpaka kwenye uzi. Sijui yule mteja aliondoka saa ngapi.

Nanjala alikuwa amesimama karibu nawe, Barasa, akiandika, na hakujua ni wewe. Sauti yako aliijua. Uso wako hakuujua.

Nilikuja huko mochari na kaka yako mkubwa. Kaka yako alishindwa kuingia, nikaingia mimi. Walikuwa wamekufunika shuka fupi, miguu yako iko nje. Nikavua mtandio wangu nikaifunika.

Kisha kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Kamati ya wale wazee iliniomba nirekebishe ukurasa. Nanjala alisema atanisaidia, nikakataa. Nikaingia kwa ule mlango wako mmoja, nikafuta "jina halijulikani", nikaandika jina lako lote, na kando yake "amefariki". Nikabonyeza. Ukawa umefariki kwenye sehemu ya kuandikisha, na kwenye ya kutafuta, na kwenye matangazo, Kitale na Bungoma, kwa pamoja, kama ulivyotaka ifanye kazi. Nilitamani sana ibaki sehemu moja tu iliyosahau kuambiwa. Niwe naenda hapo kukutazama ukiwa hai.

Siku ya mazishi mzee wenu aliongea muda mrefu kwa Kibukusu. Sikuelewa mengi. Nilisikia jina lako na jina la babu yako, watu wakaitikia, nami nikaitikia.

Sasa kamati inasema kambi zinafungwa, kwa hiyo ukurasa ufungwe. Lakini watu wangali wanakuja. Juzi alikuja mzee wa Bumula, anamtafuta mkewe, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine yako ni ya kweri?" Nikamwambia akae.

Basi, mulembe, amani, kama msemavyo kwenu, Barasa. Mungu, wako na wangu, akulaze pema. Sitafunga. Atakayekuja kumuulizia mtu wake nitamwambia ukweli ule ule atakaoambiwa Bungoma, hata ukiwa ni kaburi, na nitakaa naye mpaka aweze kusimama.

Zuhura