Kosa la Wiki

Jumatatu, 6 Mei

Wasomaji mia mbili na kumi na wawili! Blogu ya darasa moja tu, la saba, kwa wiki moja. Nimeangalia ile namba mara tatu.

Mwalimu mkuu kaniita ofisini. Nilidhani ni yale ya kuchelewa asubuhi, kumbe ni heri. Wageni kutoka ofisi ya elimu watakuja Jumatatu ijayo kuona jinsi ninavyofundisha kwa blogu, na jinsi wazazi wanavyopata taarifa humohumo bila makaratasi. Wakiridhika, shule nyingine zitaletwa kujifunza kwangu. Kwangu mimi! Mwalimu wa hesabu, jirani yangu wa meza, anasema sasa hata nikipiga chafya nitaichapisha.

Leo nimeweka Kosa la Wiki. Nililichukua kwa yule msichana tunayemwita Mkato, kwa sababu humwaga mikato kama mtu anayetia chumvi. Insha ilikuwa "Mtu Nimpendaye", na maagizo yalikuwa wazi: wakati uliopo. Yeye kaandika, "Baba yangu, alikuwa, fundi wa saa." Jina sikuweka. Nikaandika chini yake: "Ndugu mwandishi, huyu baba kastaafu ubaba? Baba hana wakati uliopita! Baba ni baba jana, leo na kesho." Nikaionyesha kwenye projekta. Darasa zima lilivunjika mbavu. Ile mikato ilimtaja kabla sijafumba mdomo — wote waligeuka kumtazama. Yeye hakucheka.

Kwenye daftari lake nimezungushia kila "ali" kwa wino mwekundu. Kumi na moja. Masahihisho: aandike upya sentensi zote kumi na moja, wakati uliopo.

Jumanne, 7 Mei

Nyuso za kucheka thelathini na moja chini ya Kosa la Wiki. Maoni ya wanafunzi hupita moja kwa moja, nilipanga hivyo ili wachangamke. Mtundu mmoja kaandika "Baba Mstaafu oyee". Uwanjani nimesikia wakilitumia, eti ndilo jina jipya la Mkato.

Mkato hakuja leo. Nimeweka alama ya hayupo. Sikuuliza.

Jumatano, 8 Mei

Sijui nianzie wapi.

Mapumziko ya chai, mwanamke kaingia chumba cha walimu. Fundi cherehani — vipande vya uzi vilikuwa vimeng'ang'ania mkono wa blauzi yake. Kasalimia vizuri, kila mtu. Kisha kauliza nani aliyemwandika baba wa mtoto wao kwenye blogu. Nikasema ni mimi, karibu mama. Nilikuwa natabasamu! Nilidhani kaja kunipongeza.

Ni shangazi yake Mkato. Anasema mtoto hakukosea.

"Kaka yangu alikuwa fundi wa saa, mwalimu. Alikuwa. Tumemzika mwezi uliopita, tarehe kumi na tatu."

Mwalimu wa hesabu alikuwa na kipande cha mkate mdomoni, akakiacha hapohapo.

Nikasema hakuna aliyeniambia. Ndiyo, nilithubutu kusema hivyo. Shangazi hakupandisha sauti. Alinikumbusha kwamba Januari niliwaambia wazazi, mbele ya wote, kwamba barua za karatasi basi, kila taarifa iletwe kwenye blogu. "Nikakuandikia huko. Mara mbili. Ikaniambia maoni yako yanasubiri idhini. Basi, na mimi nikasubiri."

Nikafungua mbele yake. Ukurasa wa wazazi. Maoni kumi na saba yanasubiri idhini. Sikujua hata kama pana mahali pa kuyaidhinisha. La tarehe kumi na tano Aprili ni lake. Ananiarifu kwa heshima zote kuhusu msiba, anaomba mtoto asisukumwe sana kwa sasa. Anamalizia kwa kunishukuru kwa malezi.

Kisha nikakumbuka bahasha. Likizo ilipokwisha, Mkato alirudi shule wiki moja baada ya wenzake, akaniletea bahasha nyeupe, ameishika kwa mikono miwili. Nikamrudishia hata sijaifungua! Nikamwambia, mwambie mzazi aweke kwenye blogu, tuko kidijitali sasa. Akaitikia ndiyo, mwalimu. Akairudisha mkobani.

Nikamwambia shangazi pole sana. Akauliza, "Hiyo pole ni ya msiba au ya blogu?" Akaaga, akaondoka.

Na mimi nikafanya nini? Nikafuta. Kabla hajafika getini, nilikuwa nimeshafuta Kosa la Wiki, nyuso na maoni yote. Ona aibu hii. Mkono wangu ulijua kufuta kabla haujajua kitu kingine.

Alhamisi, 9 Mei

Mwalimu mkuu anasema kama nimefuta, basi yamekwisha. Wageni wanakuja, tusichokonoe. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikasema sawa. Nilijisikia nafuu kabisa! Nafuu hiyo inanitia aibu kuliko kosa lenyewe.

Mkato bado hayupo.

Nimesoma yale maoni mengine kumi na tano. Mzazi mmoja aliandika Februari kwamba mwanawe haoni ubao vizuri, anaomba akae mbele. Bado anakaa nyuma. Nimekuwa nikimwita mvivu wa kunakili. Baba mwingine anauliza kama nimepata ujumbe wake wa kwanza. Watu kumi na zaidi wanabisha hodi mlangoni mwangu, na mimi niko dirishani nahesabu wapita njia.

Nyumbani nimemsimulia mume wangu. Nilitaka aseme si kosa langu, ni la mitambo. Yeye ni fundi bomba, hana maneno ya kupamba. Kauliza nitamwombaje radhi mtoto. Nikasema nitamwita pembeni, faraghani. Akasema, "Umemtukana sokoni, unataka kumwomba radhi chooni?" Nilimkasirikia jioni nzima iliyobaki. Ana haki.

Ijumaa, 10 Mei

Mtoto asiyeona ubao nimemleta mbele. Kanakili yote, tena kwa mwandiko mzuri.

Nimejaribu kuandika radhi kwenye blogu. Ya kwanza: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Tunaomba, mimi na nani? Na usumbufu haukujitokeza wenyewe! Nimefuta. Ya pili ilinieleza mimi tu, kazi nyingi, insha arobaini na nne. Nimefuta. Ya tatu ilikuwa na methali mbili. Nimefuta mbio.

Ya nne inaanza hivi: "Kosa la wiki hii ni langu." Nimeandika mistari sita. Bahasha nimeitaja. Yale kumi na saba nimeyataja. Kisha pale chini kuna vitufe viwili, Hifadhi Rasimu na Chapisha. Nikawafikiria wageni. Nikabonyeza Hifadhi Rasimu.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda kwao Mkato. Yaani nimekwenda hadi kona ya kwao. Mlango ulikuwa wazi na nilisikia cherehani ikienda, ikisimama, ikienda. Nje ya dirisha kuna ubao mdogo wa rangi ya bluu: FUNDI SAA. Hawajauondoa.

Nikasimama muda wa kutosha mpita njia mmoja kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana. Nikarudi nyumbani.

Jumatatu, 13 Mei

Naandika nyuma ya daftari la maandalio. Darasa linanakili maswali. Wageni wako ofisini kwa mwalimu mkuu, wanakunywa chai. Projekta imeshawashwa, blogu iko ukutani. Ile rasimu nimeifungua kwenye kompyuta yangu, ukutani haionekani. Bado sijabonyeza.

Mkato karudi. Kaingia na wenzake, kakaa mahali pake. Mtundu wa nyuma kanong'ona lile jina na nikamtazama mpaka akainama. Kumtazama tu.

Kisha Mkato kaja mezani na daftari. "Shikamoo, mwalimu. Masahihisho."

Nikamwambia hakupaswa kuyafanya. Nikamwambia yale yamefutwa. Anasema shangazi yake naye alimkataza, tena kwa ukali. Ila alikuwa ameshaanza, na alipofika sentensi ya tatu hakutaka kuacha.

Kumi na moja zote. Mwandiko wa kutulia. Na hakuna mkato hata mmoja.

Baba yangu ni fundi wa saa. Anacheka kwa pua. Anatengeneza saa zilizokataliwa na mafundi wengine. Akinisikia getini anapiga mluzi. Anajua kusoma saa kwa kuisikiliza tu. Anakula akiwa amesimama na mama anamgombeza. Ananiita bosi...

Sikuweza kuendelea. Nimetazama dirishani, nimejifanya nakohoa.

"Niko sahihi sasa, mwalimu?" Kauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza hesabu ya sehemu. Nikamwambia akae, nitamwita. Hakukaa. Amesimama pembeni ya meza, anasubiri daftari lake. Toka pale alipo anaiona rasimu. Sijui kama anaisoma. Sijageuza kompyuta.

Kalamu nyekundu ninayo. Nikiweka alama ya vyema, nimemwambia nini? Nikiweka mkasi wa kosa, nimemuua baba mtu mara ya pili, kwa mkono wangu. Miaka kumi na sita nasahihisha madaftari na sijawahi kushindwa na sentensi iliyonyooka hivi.

Viatu kwenye korido. Sauti ya mwalimu mkuu, anawaambia, na hili ndilo darasa lenyewe.

Nimeanza kumwandikia pembeni, kwa wino mwekundu kwa kuwa sina mwingine. Nimeandika "Baba yako". Kitenzi sijakipata. Mkato anatazama kalamu.