Masikio ya Mwanamke wa Wimbo

Kitengela,
Jumamosi

Mama mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nimeona nikuandikie wewe kwanza kabla sijaogopa tena. Watu huku wanaamini nilikosea kwa kutojua. Mimi nilijua.

Naona nimeanza vibaya, hata sijakusalimia. Mguu wako umepona? Mvua imefika huko Kimilili? Huku bado, na ng'ombe wanapita katikati ya nyumba za kupanga wakitafuta nyasi. Mimi ni mzima. Baba Mdogo ananitunza vizuri, ila analalamika kwamba majani ya chai yanaisha haraka. Hajui ni mimi ninayeyamaliza.

Unakumbuka kile kitabu cha Babu chenye picha za wino mweusi, kila ukurasa picha moja na mstari mmoja chini yake? Mimi na rafiki yangu Naserian tuliamua kutengeneza kingine kama hicho, lakini maneno yawe ya wimbo. Ni wimbo unaopigwa redioni kila siku, wa mwanamke anayemngoja mume aliyesafiri. Naserian aliurekodi kwenye kaseti, akawa anairudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe, mpaka akapata maneno yote. Kazi yangu ilikuwa kuchora. Karatasi nilizipaka chai ya rangi nikazianika, zikawa kama za zamani.

Siwezi kuchora sura ya kufikiria, lazima nimwone mtu. Kwa hivyo nilimchora mama yake Naserian, ambaye mimi pia namwita Yeyo kama watoto wake wanavyomwita. Wikendi nyingi mimi huenda kwao, upande wa Kajiado, nikakaa nikimwangalia akitunga shanga. Masikioni huvaa mapambo marefu ya ngozi na shanga, yale ya mwanamke aliye na mume.

Mstari wa mwisho wa wimbo unasema: "Taa nimezima, njia imenyamaza." Nilimchora Yeyo amesimama mlangoni, bila yale mapambo. Masikio matupu, yenye matundu yaliyolegea, yalikuwa na huzuni kuliko machozi. Naserian alipoiona ikiwa bado ya penseli alinishika mkono.

"Nekesa, weka za masikio."

"Zinajaza picha."

"Hapana, sikiliza. Mama akikaa bila hizo ni kama mzee amekufa. Kwetu hiyo hatuchezi nayo."

"Sawa, nitaweka," nikasema.

Sikuweka. Nilipitisha wino vile ilivyokuwa. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, Mama, na nilitaka ibaki hivyo.

Jumapili iliyopita tulipeleka kitabu kwao. Mdogo wake Naserian alikifungua akapiga kelele, "Ni Yeyo! Ni Yeyo!" Wote wakacheka, hata Yeyo mwenyewe, mpaka tukafika ukurasa wa mwisho. Koko, nyanya yao, akashika mdomo. Baba yao alienda Rombo kununua ng'ombe, na kwa majuma mengi hawajapata habari yake.

"Nani amekuambia mwanangu amekufa?" Koko akaniuliza.

Yeyo alikuwa ameshika masikio yake kwa mikono miwili. Nilisema sikujua. Nilirudia mara nyingi kwamba sikujua.

"Huyu ni mtoto wa Waluhya, angejuaje?" Yeyo akasema polepole. Kisha akamgeukia Naserian. "Na wewe? Si mlikuwa pamoja? Mbona hukumwambia?"

Nilingoja Naserian aseme ukweli. Aliniangalia, halafu akaangalia chini.

"Nilisahau, Yeyo."

"Umesahau baba yako?"

Naserian alilia, na mimi nikanyamaza. Koko alisema kitabu kisilale kwake, nikakifunga ndani ya sweta. Wakati wa kuaga niliinamisha kichwa anishike utosini, kama anavyowasalimu watoto wote. Mkono wake haukuja.

Shuleni Naserian hanitukani. Ananiazima rula kama kawaida. Jana nilimwambia pole, akaniuliza, "Pole ya nini? Si tulisahau wote?" Tangu hapo siwezi kusoma hata ukurasa mmoja nikaelewa.

Msalimie Kukhu, umwambie mjukuu wake bado anavaa sweta aliyomfumia. Msalimie shangazi Nafula na watoto wake wa nasari, na Wafula mdogo wangu, na umwambie aache kuchora ukutani, achore kwenye magazeti. Msalimie pia mwalimu wangu wa zamani wa Darasa la Nane mkikutana sokoni.

Ni mimi binti yako,
Nekesa

Mama, barua sikuifunga. Leo ni Jumapili. Baada ya kanisa nilienda kwao peke yangu na kitabu. Yeyo alikuwa nje akitunga shanga, Koko kando yake. Habari ya baba yao ilikuwa bado haijafika. Nilisema, "Naserian aliniambia. Nilijua. Niliacha hivyo kwa sababu picha ilikuwa nzuri."

Sauti ilitoka ndogo. Koko akasema, "Sema tena. Mimi ni mzee, sisikii."

Nikasema tena, kwa nguvu, hadi Naserian akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Yeyo alimaliza uzi wake kwanza. Halafu akasogea karibu nami, akageuza uso upande mmoja. "Angalia vizuri," akasema. "Kisha uweke."

Niliyachora mapambo yote mawili juu ya wino uliokwisha kukauka. Kalamu ilikwaruza, wino ukasambaa kwenye karatasi ya chai, uso ukapata doa kubwa shavuni. Picha iliharibika. Nikamwonyesha Koko, akaitazama sana, kisha akanigusa kichwa kwa haraka, kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Sikuirekebisha. Nilimpa Naserian kitabu akiweke, nikarudi Kitengela.