Sauti Iliyoamia Ndege

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Ifakara
Tarehe: 20 Mei 2025, saa 4:15 asubuhi
Jina: Balbina binti Kelestini
Umri: Miaka 52
Kabila na dini: Mndamba, Mkristo
Kazi: Mkulima wa mpunga
Makazi: Kiberege

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimeulizwa kama naelewa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Naelewa. Uongo nimeusema wa kutosha wiki hii, ila wakati nausema niliuona ni kweli.

Restituta ni dada yangu, tumbo moja. Alifariki tarehe 11 Machi 2025 kwa presha. Nilimwosha mwenyewe, nikamvika sare yake ya kwaya, tukamzika kesho yake. Mashamba yetu yamepakana, ng'ambo ya reli. Kila mwaka mpunga ukianza kuiva tuliamia ndege pamoja, tukiwafukuza wasiule, yeye juu ya dungu lake la miti, mimi juu ya langu, tukipigiana kelele hadi jua linazama.

Ignas ni mwanawe wa pekee, umri miaka 28. Alisomea kompyuta Dodoma, akarudi nyumbani. Kazi yake ni kuandika programu akiwa chumbani, anawaandikia watu ambao hata yeye hajawahi kuwaona uso kwa uso. Akichoka na kazi hiyo anapumzika kwa kazi nyingine. Ana kisanduku cha bisibisi, nyaya na pasi ndogo ya kuchomelea, basi hapo anasahau hata kula. Banda la kuku la mama yake alilitengenezea mlango unaojifungua wenyewe alfajiri. Tangi la maji likijaa, taa nyekundu inawaka jikoni. Nilipomuuliza vya nini, alisema, "Najifurahisha tu, mama mdogo." Pale kijijini watu walikuwa wanauliza kijana asiyeshika jembe anakula nini. Na mimi niliuliza, tena kwa sauti.

Ijumaa tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi, nikiwa kwenye dungu langu, nilimsikia dada. Alisema, "Swaaa! Haya, si mlete na sufuria kabisa!" Hivyo ndivyo alivyokuwa anawatukana ndege kweleakwelea. Kisha akasema, "Balbina, upande wako!" Jamani, nilishuka bila kutumia ngazi. Nilivuka tuta, nikatazama dungu lake kwa chini. Sikuona mtu. Sikupanda, niliogopa.

Jumamosi nilirudi mapema. Nilisimama kwenye tuta nikamuuliza, "Dada, umekula?" Akajibu, "Bado, ngoja jua lishuke." Haki ya Mungu alijibu. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakufa, kwamba mwanawe amemfanya msukule kwa uchawi na kumweka alime. Ulaini wa mikono ya Ignas, kijana asiyelima, nikaona nimeupatia maelezo.

Jumapili baada ya misa nilimwambia jirani yangu Klementina. Kumwambia Klementina ni sawa na kugonga kengele ya kanisa, na mimi nilijua hivyo.

Jana Jumatatu tarehe 19 Mei, saa mbili asubuhi, tulifika kwa Ignas watu kama arobaini. Alitoka na kikombe cha chai mkononi. Alisema, "Shikamoo mama mdogo." Badala ya kuitikia nikamwambia, "Mtoe mama yako." Alidhani natania, akacheka. Kicheko kile kilimponza. Kijana anaitwa Beno alimpiga kibao, wengine wakavunja mlango wakaingia kutafuta. Walitoka na kompyuta yake, wakaitupa mtaroni. Aliyesema wavunje mlango ni mimi. Afande ameniambia si lazima niseme hilo. Aandike.

Ignas alisema twende wote shambani. Kule alipanda dungu la mama yake akashuka na kidumu cha mafuta ya kula kilichokatwa ubavu. Ndani mlikuwa na spika ya redio na betri, juu kipande cha sola. Alisema kinasikiliza, ndege wakizidi kelele kinapiga sauti ya mama, kipande chochote bila mpangilio, ili ndege wasizoee. Sauti alimrekodi kwa simu mwaka jana, maana kwenye bonde zima hakuna aliyewatisha ndege kama yeye. Alikibonyeza, kikasema, "Swaaa!" Watu wakaruka. Wakarudi. Wakaanza kucheka, mtendaji wa kijiji akasema yameisha, kila mtu ashike njia yake.

Mimi nikasema hayajaisha. Nilisema, "Mashine inajibu? Mimi nimemuuliza, amenijibu!" Ignas alikuwa anajifuta damu mdomoni. Nikasema kaburi lifukuliwe. Beno na wenzake wakachukua majembe, tukaelekea makaburini. Mtendaji alipiga simu, polisi wakatukuta udongo wa juu umeshaguswa. Wakamchukua Ignas na kile kidumu, wakasema ni kwa usalama wake.

Leo saa tatu asubuhi, hapa kituoni, afande alimwambia Ignas apige rekodi nzima kutoka kwenye simu yake, ilivyokuwa kabla hajaikata vipande. Niliisikiliza yote. Kuna mahali Ignas anaita kwa mbali, "Mama, njoo ule!" Dada anajibu, "Bado, ngoja jua lishuke." Kumbe alikuwa anamjibu mwanawe. Mimi nilijibiwa kwa bahati tu.

Nimeulizwa kama nina malalamiko dhidi ya Ignas. Sina. Hakumuua mama yake na hakumficha. Kaburi lisiguswe tena. Kosa lake ni kutoniambia, nami nimemwambia hivyo. Alisema alitaka kwanza aone kama ndege wataogopa.

Afande ameniuliza kwa nini niling'ang'ania kaburi wakati wenzangu wote walishaelewa. Nimemwambia msukule watu humrudisha. Hunyolewa, hupewa uji, polepole akili humrudia. Wengine walifurahi ilipojulikana ni mashine. Mimi nilichukia. Jumapili jioni nilikuwa nimeshamtandikia dada kitanda kwangu, nimefunga na chandarua, nimemwekea kanga mbili.

Kitanda hakijatanduliwa. Mlango wa Ignas umevunjika, kwa hiyo nimemwambia usiku wa leo atalala kwenye kitanda hicho. Bado hajanijibu.

Nimesema niliyoyasikia na niliyoyatenda. Sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: Balbina Kelestini

Mimi, Koplo Odilia, nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni sahihi. Yamefungwa saa 5:40 asubuhi. Ignas ameachiwa na kukabidhiwa kidumu chake. Saa 5:55 wameondoka kituoni pamoja, kidumu amekibeba shahidi.