Biblia Juu ya Kabati

Mchombe, Jumatatu

Kaka Severini,

Shikamoo. Huku tumeshavuna, magunia ya mpunga yamejaa sebuleni mpaka wageni tunawapokea uani. Mama Jihan wa dukani anakusalimu sana.

Ningekupigia simu, ila naona aibu usikie sauti yangu.

Jumamosi jumuiya ilisali hapa kwangu. Unajua ninavyojivunia Biblia ya marehemu baba. Niliifunga kitambaa cheupe na kuiweka juu ya kabati, na kila ukiniuliza nakujibu, "Naisoma kila siku." Wanajumuiya nao nimekuwa nikiwaambia hivyohivyo. Basi nikaishusha, nikaileta uani, nikaifungua mbele yao ili nisome Injili. Udongo ukanimwagikia mapajani. Mchwa walipanda ukutani, wakaila yote ndani, wakabakiza jalada.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama Dativa akanipa Biblia yake, imechakaa, ina madoa ya mafuta ya kupikia, akasema taratibu, "Soma tu, Tekla."

Nikasoma pale Yesu anapomuuliza Filipo: muda wote huu niko nanyi, bado hunijui? Nikaishia hapohapo. Kaka, Filipo hakuwepo uani kwangu. Nilikuwepo mimi.

Leo asubuhi nimekwenda kuiazima tena ile ya Mama Dativa.

Ukinipigia, usiniulize kama nasoma. Niulize nimesoma nini.

Mdogo wako,
Tekla