Ile Leso ya Zambarau, Mwaitu, Usiivae

Mwaitu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta jikoni na kikombe cha chai mkononi, magoti yamekupa nafuu, na baridi ya Mbooni haijakuingia kifuani kama mwaka jana. Ng'ombe ameshazaa? Mimi ni mzima. Hakuna aliyenigusa hata unywele, kwa hiyo Mutheu, wewe unayemsomea Mama, usianze kulia kabla ya wakati. Soma polepole, wala usiruke mahali hata ukiona ni aibu ya dada yako.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako, Mwaitu, huwa unaiweka spika na kuiinua juu, kilima kizima kikasikia. Hili nataka ulisikie wewe kwanza. Tena Jumatatu nilijaribu kupiga. Nilisikia sauti yako ikisema "Mwikali?" nikakata. Haikuwa netiweki, ilikuwa ni mimi. Nisamehe.

Jambo lenyewe ni hili: ile leso ya zambarau niliyokutumia na dereva wa misheni, iliyoandikwa Wema Hauozi, usiivae. Uliniambia umeiweka sandukuni ukingoja harusi ya Mutheu. Itoe. Haikuwa yangu kukupa, na mwenyewe anajulikana. Nitakueleza yote, nawe uamue kama mtoto uliyemtoa kwa Mungu bado ana akili.

Nimewahi kukusimulia habari za Mama Sahara, yule mjane Msomali mwenye duka hapa sokoni. Alikuja huku mashariki ya Kitui akiwa bibi arusi, akazaa hapa, akamzika mumewe hapa, na Kikamba chake kina mafumbo kuliko changu. Kila Ijumaa tunapopikia familia maskini mahindi na maharagwe, yeye huleta pakiti ya chumvi. "Sufuria ni yenu, chumvi ni yangu," husema, na ole wako useme asante zaidi ya mara moja. Nilipougua malaria aliniletea maziwa ya ngamia, akakaa kunitazama nikiyameza huku nimebana pua, akicheka mpaka akajifuta macho.

Mwaka huu mvua ilitudanganya. Ilinyesha siku nne, watu wakapanda ndengu, ikaondoka. Wachungaji wa ngamia, Wasomali kama yeye, wakashuka kutoka kaskazini kutafuta majani, na ngamia hajui mpaka wa shamba. Yakaanza maneno, yakafuata mawe. Halafu Jumanne ya wiki iliyopita mwanamume mmoja wa jumuiya yetu alikutwa amekufa shambani kwake karibu na mto. Baba wa watoto watatu. Mkewe nilimfundisha katekisimu mimi mwenyewe. Hakuna aliyemwona muuaji, lakini kufika saa sita mchana kila mtu alikuwa anamjua.

Umati ulikusanyika. Wenye ngamia wana bunduki na wako mbali. Mama Sahara ana mizani na yuko karibu. Basi wakaenda sokoni.

Padre alifunga geti la misheni, akatukataza kutoka. Sisi masista watatu tukapiga magoti tukasali rozari, na katikati ya Salamu Maria nilisikia mabati yakivunjwa. Nilijiambia hao ni watu wa kutoka nje. Sisi watu wa kanisa tuna ugonjwa huo, Mwaitu: mabaya yote hufanywa na watu wa kutoka nje. Baadaye tukaambiwa Mama Sahara na binti yake walitokea mlango wa nyuma, wamekimbilia kituo kidogo cha polisi, na dukani hakujabaki hata msumari. Niliwatumia mablanketi mawili. Mwenyewe sikwenda. Nilisema njia si salama, na kusema kweli ilikuwa salama kabisa, nilichoogopa ni uso wake.

Alhamisi akaja Susu Kalunde. Huyu ni bibi anayelea wajukuu wanne peke yake, na ndiye wa kwanza kwenye foleni yetu kila Ijumaa. Siku hiyo alikuja bila bakuli. Alikuwa na kitu amekikunja chini ya kwapa.

"Sista," akaniambia, "umenilisha miaka hii yote. Leo na mimi nimepata cha kukupa."

Ilikuwa ile leso. Mpya, bado ina ule ugumu wa dukani.

"Susu, umetoa wapi?"

"Mungu amenifungulia mlango."

Nikalia kwa furaha. Nilidhani labda mwanawe aliyepotelea Nairobi amemkumbuka. Sikuuliza zaidi. Mimi, ambaye huwauliza watoto kwa nini kucha ni chafu na jana walilala saa ngapi, siku hiyo sikuuliza. Ijumaa dereva alikuwa anakwenda Makueni, nikampa akuletee.

Sasa Jumapili. Unajua huku watu hawana cha kutoa, kwa hiyo matoleo ni vitu: yai, kibaba cha mtama, kuku mmoja akipatikana. Wakati wa njaa huwa hawaji na kitu kabisa, na mimi nimewahubiria jambo hilo mpaka wamenichoka. Nimewaambia mwaka mzima: siku Mungu akikujalia kumi, moja ni yake, mtolee kabla hujaonja. Basi Jumapili hii kwaya ilipoanza wimbo wa matoleo, watu wakainuka benchi kwa benchi. Mikono ilikuwa imejaa. Sukari, miche ya sabuni, majani ya chai, makopo ya mafuta ya kupikia. Nikatazamana na Sista mwenzangu. Mimi ndiye nilikuwa nimesimama mbele kupokea, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilijisifu. Nilisema moyoni mafundisho yameingia.

Kopo la kwanza lililofika mkononi mwangu lilikuwa na doa jekundu kwenye kifuniko. La pili pia. Mwaitu, hayo madoa nayajua. Mama Sahara huyapaka kwa rangi ya kucha tangu mchuuzi mmoja alipombadilishia makopo mazuri kwa mabovu. Ameyapaka mbele yangu mara nyingi tukipiga domo, na rangi inayobaki humpaka binti yake Sahara kidoleni. Nilihesabu madoa mpaka nikaacha kuhesabu. Waliokuwa wakinipa ni watu wangu: mama wa jumuiya, mzee wa kanisa, msichana anayeimba sauti ya kwanza. Hakuna hata mmoja wa kutoka nje. Na wote walikuwa wakiniangalia usoni kwa upole, kama kawaida.

Nilimwendea Padre, nikamnong'oneza. Akashuka ngazi ya altare na kusimama kati ya vile vitu. Akasema, "Bwana anasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako mbele ya altare, uende kwanza ukapatane naye. Haya. Ziacheni hapo. Nendeni." Kisha akavua mavazi ya Misa mbele yetu sote. Hakuna aliyenyanyuka. Kanisa zima lilitazama sakafu.

Aliyenyanyuka ni Susu Kalunde peke yake. Akaja mbele na fimbo yake, akatafuta kopo lake katikati ya mengine, akaliweka kwapani. "Basi twende, Sista. Kwani yuko wapi?"

Nje nilimshika mkono kwa nguvu kuliko inavyofaa kumshika mzee. "Susu, hivi ni vya wizi!"

"Mimi sikuvunja mlango," akasema. "Nilikuta umevunjwa, kila mtu anabeba. Watoto walikuwa wamelala njaa siku mbili. Nilibeba vitu kumi, ndivyo mgongo unaweza. Halafu nikatenga cha Mungu kabla hatujaonja, tena kile kikubwa. Si ni wewe ulisema?"

Ni mimi nilisema. Nimesoma chuo, nimeweka nadhiri, nikafundisha kutoa bila kufundisha kwanza kutochukua, kwa sababu nilidhani hilo kila mtu analo kutoka kwa mama yake. Tulitembea mpaka kituoni, yeye na fimbo, mimi na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Mama Sahara alikuwa amekaa kwenye gunia chini ya ukuta, mkono umefungwa kitambaa, na Sahara amemlalia mapajani ingawa ni msichana mkubwa wa kuolewa. Hakusimama. Susu akaliweka lile kopo mbele yake, akasema kwa Kikamba, "Mwana wangu, nimekurudishia."

Mama Sahara akaligeuza, akaona doa lake. "Hii ni moja," akasema. "Ulibeba ngapi?"

"Kumi."

"Na zile tisa ziko wapi?"

Nilishtuka. Maneno hayo nimeyasoma katika Injili mara nyingi kuliko umri wangu, wakoma kumi wameponywa na mmoja tu amerudi, na sijawahi kuyasikia yakiulizwa na mtu aliyekuwa na haki ya kuuliza.

Susu akaanza kuhesabu kwa vidole, bila kuficha, kama mtoto mbele ya mwalimu. Unga mbili, wamekula. Sukari mbili, moja wamekula, nyingine wamempelekea mjane wa yule aliyeuawa shambani. Chumvi, majani, sabuni, kiberiti. "Hii mafuta ndiyo nilimpa Mungu," akamaliza. "Na ile leso nikampa Sista."

"Leso gani?"

"Ya zambarau."

Sahara akainua kichwa. Ilikuwa yake, Mwaitu. Mama yake alikuwa ameiweka rafu ya juu kwa ajili ya siku ya kuposwa kwake, hakutaka hata kuiuza. Mama Sahara alinitazama muda mrefu. Nilingoja anitukane. Ningependa angenipiga. Akacheka, lakini si kile kicheko cha maziwa ya ngamia.

"Mungu kimoja, Sista kimoja," akasema. "Mmegawana sawa."

Nilisema tu, "Iko kwa mama yangu, Mbooni," na hata masikioni mwangu ilisikika kama ya mwizi aliyeficha mali kwao.

Jumatatu asubuhi lori liliwachukua. Wamekwenda Sultan Hamud kwa kaka yake, ambaye ana duka la mlango wa kijani nyuma ya stesheni ya zamani ya reli. Nilikwenda kuaga. Alinipa mkono, lakini hakusema tutaonana.

Leo ni Jumatano. Vile vitu bado viko mbele ya altare, hakuna aliyekuja kuvichukua wala kuvirudisha. Padre hataki viguswe, na Misa anasomea kwenye baraza na watu wachache. Ijumaa tutapika kama kawaida, kwa sababu watoto hawakuiba. Itabidi ninunue chumvi. Unaniomba kila siku niombe uhamisho nirudi karibu na nyumbani. Nilikuwa nakaribia kukubali, lakini sasa siwezi, nitaonekana nakimbia, na nitakuwa nakimbia kweli.

Mwaitu, nakuomba jambo ambalo mtoto hapaswi kumwomba mama mwenye magoti yako. Usimtume Mutheu. Usimpe dereva wala mtu wa boda. Shuka mwenyewe na ile leso mpaka Sultan Hamud. Kama ulikuwa umeshaijaribu, ifue, ipige pasi. Mwambie kijana wa boda aende polepole kwenye kona za kilima.

Nisalimie kaka yangu anayekamua ng'ombe, mwambie ndama akiwa jike nimeshampa jina. Nisalimie shangazi muuza parachichi, na katekista wetu mzee aliyenifundisha kufanya ishara ya msalaba. Mwombe arudie kuwafundisha watoto ile amri ya saba, Usiibe, aianze mapema, kabla ya zaka. Mutheu, samahani kuhusu harusi. Utapata leso nyingine, nitaichagua dukani kwa macho yangu.

Ukifika kwenye mlango wa kijani, Mwaitu, usiniombee msamaha. Usiseme binti yako ni mtu wa Mungu, wala kwamba hakujua. Uliza Sahara ni yupi, umpe mkononi. Kisha mwambie mama yake, hiki ni cha pili kati ya vile kumi.

Binti yako,
Mwikali,
ambaye huku anaitwa Sista Benedikta, na wiki hii akiitwa hivyo hugeuka kutazama nyuma